Makaburi ya parokia ni mali ya nani, na fedha zake hufanya kazi gani?

Kila inapofika tarehe 2 Novemba, Mama Kanisa anapowakumbuka Waamini Marehemu wote, makaburi ya parokia zetu hubadilika sura kwa muda wa wiki moja. Majani yaliyokuwa yamefika kiunoni hufyekwa, misalaba iliyoinama husimamishwa, mishumaa huwashwa, na padre hupita kati ya familia akinyunyiza maji ya baraka. Waamini huyazuru makaburi kati ya tarehe 1 na 8 ya mwezi huo ili kuwapatia marehemu rehema kamili, kadiri ya mafundisho ya Kanisa. Kisha majani huota tena. Ifikapo Kwaresima, anayetaka kufika kwenye kaburi la mama yake hulazimika kuuliza njia.

Katika makala hii tunapenda kueleza jambo ambalo mahubiri ya mazishi hayana nafasi ya kulieleza, yaani namna makaburi ya parokia yanavyomilikiwa, yanavyoongozwa na yanavyogharimiwa. Maswali ya waamini juu ya jambo hili ni mengi, nayo huulizwa zaidi katika Jumuiya Ndogo Ndogo kuliko mbele ya paroko. Kwa nini tunachangishwa tena, hali tulikwisha kulipia kaburi la baba? Fedha zilizokusanywa mwaka jana ziko wapi? Je, kiongozi wa jumuiya anaweza kuzuia mtu asizikwe kwa sababu hakulipa zaka? Haya ni maswali halali, na Sheria za Kanisa zina majibu yake.

Maandiko Matakatifu yanaonesha kwamba kipande cha kwanza cha ardhi alichomiliki Abrahamu katika nchi ya ahadi kilikuwa mahali pa kuzikia. Sura ya 23 ya Kitabu cha Mwanzo inasimulia jinsi alivyonunua shamba na pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike Sara. Wahiti walikuwa wamekwisha kumkaribisha azike katika makaburi yao, lakini yeye akashikilia kulipa bei kamili. Fedha ikapimwa mbele ya mashahidi, langoni mwa mji, na mwandishi mtakatifu hakuona aibu kuorodhesha kilichouzwa: shamba, pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mipaka yake. Anayesoma kwa makini atatambua kwamba hiyo ni hati ya mauziano. Miaka mingi baadaye Yakobo, mjukuu wa Abrahamu, akiwa karibu kufa huko Misri, anawaagiza wanawe wamzike katika pango hilohilo, akiwatajia tena jina la muuzaji, mahali shamba lilipo na watu waliokwisha kuzikwa humo (Mwz 49:29-32). Mzee huyu yuko ugenini, mbali kabisa na shamba lenyewe, lakini kumbukumbu za umiliki anazo kamili.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa makaburi. Kaburi ni ahadi ambayo muda wake ni mrefu kuliko maisha ya wale walioitoa. Paroko aliyeongoza mazishi atahamishwa, mwekahazina aliyepokea mchango atamaliza kipindi chake, mjane aliyelipa atafariki naye, na watoto watahamia mjini. Kaburi litabaki palepale likisubiri kufyekewa majani. Hivyo basi, fedha na uongozi wa makaburi havina budi kupangwa kwa namna itakayoendelea kufanya kazi hata baada ya wote waliohusika kuondoka.

Kanisa la mwanzo lililielewa jambo hili mapema. Tertuliani wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika utetezi wake wa Wakristo mnamo mwaka 197, anaeleza kwamba waamini walikuwa na mfuko wa pamoja ambao kila mmoja aliuchangia kwa hiari, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na miongoni mwa matumizi yake anataja kuwalisha maskini na kuwazika. Wanachama wa vikundi vya kufa na kuzikana watajiona humo. Hati nyingine ya kale, ijulikanayo kama Mapokeo ya Mitume, ambayo kwa desturi huhusishwa na Hipoliti wa Roma ingawa wataalamu wanaendelea kubishana juu ya mwandishi wake, inaingia ndani zaidi. Inaagiza kwamba watu wasitozwe gharama nzito kwa kuzika makaburini, kwa kuwa mahali pale ni pa maskini wote. Familia ilipe tu ujira wa mchimbaji na bei ya vigae vya kufunikia. Kuhusu wale wanaokaa pale kupatunza, hati inasema askofu ndiye awahudumie, ili mzigo huo usiwaangukie wanaokuja kuzika.

Tunaomba msomaji aitazame tena tofauti hiyo. Gharama ya kuzika ilikuwa ya familia, tena kwa kiasi kidogo. Gharama ya kutunza ilikuwa ya Kanisa zima. Migogoro mingi tunayokutana nayo parokiani ingepungua kama tofauti hii peke yake ingezingatiwa.

Katika kipindi hichohicho cha kale Papa Zefirini alimkabidhi msaidizi wake Kalisti usimamizi wa makaburi ya Kanisa la Roma, yale yaliyo kando ya Via Appia ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Habari za maisha ya Kalisti tunazipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa mpinzani wake, hivyo zisomwe kwa tahadhari. Lakini mpinzani huyo anadai kwamba Kalisti, akiwa bado mtumwa, aliwahi kuendesha shughuli ya kutunza fedha za watu, zikiwemo za wajane, na fedha zile zikapotea. Iwe kweli au ni uzushi wa mahasimu, mtu huyo alikabidhiwa makaburi, akayasimamia, na hatimaye akachaguliwa kuwa Papa mwaka 217. Kanisa linamheshimu kama mtakatifu na shahidi. Waweka hazina wa parokia wanaolalamikiwa kila Dominika wana mwombezi mbinguni.

Nani mwenye mali

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinayahesabu makaburi kuwa miongoni mwa mahali patakatifu. Kanuni ya 1240 inataka Kanisa liwe na makaburi yake pale inapowezekana, au walau sehemu iliyobarikiwa katika makaburi ya umma. Na ikishindikana, kila kaburi libarikiwe peke yake. Kanuni ya 1241 inaziruhusu parokia na mashirika ya kitawa kuwa na makaburi yao. Kanuni ya 1243 inaagiza ziwepo taratibu mahalia za kulinda utakatifu wa mahali hapo. Kwa hiyo makaburi hayaachwi yajiendeshe kwa mazoea tu. Jimbo lina wajibu wa kuyawekea kanuni, na parokia ina wajibu wa kuzifuata.

Mmiliki ni nani basi? Parokia iliyoundwa kihalali ina nafsi ya kisheria (kanuni ya 515), na mali iliyopatikana na parokia ni ya parokia hiyo. Paroko si mmiliki. Yeye ni mwakilishi na msimamizi wake katika mambo ya kisheria (kanuni ya 532). Halmashauri ya Walei si mmiliki, wala Kamati ya Makaburi, wala familia iliyotoa kiwanja miaka hamsini iliyopita. Mbele ya sheria za nchi, hapa kwetu Tanzania, ardhi ya Kanisa kwa kawaida huandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya jimbo. Jambo hili huwatia watu wasiwasi, wakidhani jimbo limewanyang'anya makaburi yao. Sivyo. Hati ikiwa kwa jina la wadhamini, ardhi haiwezi kurithiwa na ndugu wa katekista aliyekuwa amekaa pale, wala kuuzwa na mwenyekiti mmoja kwa saini yake. Kanuni ya 1284 inamtaka kila msimamizi ahakikishe kwamba umiliki wa mali ya Kanisa unalindwa kwa njia zinazotambulika na sheria za nchi. Makaburi yasiyopimwa na yasiyo na mawe ya mipaka yako hatarini kila mji unapopanuka kuyaelekea.

Lipo kishawishi ambalo limekuwa kubwa katika parokia za mijini. Makaburi yapo kando ya barabara, na mtu anakuja na wazo la kujenga fremu za maduka upande wa mbele, ili kodi yake igharimie ufyekaji. Wazo lenyewe linatokana na nia njema. Lakini mahali patakatifu hapawezi kugeuzwa kuwa mahali pa biashara kwa uamuzi wa kikao cha parokia. Kanuni ya 1210 inaruhusu humo yale tu yanayohudumia ibada, uchaji na dini, na Askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine kwa tukio mojamoja, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali. Kuuza kipande cha ardhi kuna masharti yake mazito zaidi, na ruhusa ya maandishi ya mamlaka halali ni lazima itangulie. Kwa maoni yetu, parokia inayofikia kukodisha mbele ya makaburi yake ili iyatunze ya nyuma imekwisha kuchelewa miaka ishirini katika kupanga fedha zake.

Fedha za aina tatu

Familia inapokuja ofisini baada ya msiba, mara nyingi hutajiwa kiasi kimoja na kulipa kwa mkupuo. Ndani ya kiasi hicho zimo fedha za aina tatu ambazo kisheria na kimantiki hazifanani, nazo zinapaswa kuandikwa kwenye stakabadhi tofauti.

Ya kwanza ni ujira wa kazi na vifaa: kuchimba, saruji, mchanga, tofali. Vijijini vijana wa mtaa huchimba bila kudai ujira, wakipewa chakula tu, na desturi hiyo njema idumishwe. Mijini wachimbaji hulipwa, na walipwe kwa haki. Ya pili ni sadaka inayotolewa kwa ajili ya adhimisho lenyewe. Hii haipangwi na paroko wala kamati. Kanuni ya 1264 inawapa maaskofu wa kanda ya kikanisa mamlaka ya kuweka kiwango cha sadaka zinazotolewa wakati wa sakramenti na visakramenti, na kanuni ya 1181 inaongeza, kuhusu mazishi hasa, kwamba pasiwe na upendeleo wa watu na kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Nia za Misa nazo zina taratibu zake; si mapato ya makaburi, wala zisitajwe katika hesabu zake.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: mchango wa utunzaji wa mahali. Ili tueleweke, tuchukue mfano wa hesabu wa kubuni, ambao kila parokia inaweza kuubadilisha kadiri ya hali yake.

Tuseme parokia ina eka moja ya makaburi, yaani mita za mraba zipatazo 4,000. Tukiondoa theluthi moja kwa ajili ya njia, miti, lango na msalaba mkuu, zinabaki kama mita za mraba 2,700. Kaburi moja pamoja na nafasi ya kulizunguka likichukua mita 2.5 kwa 1.5, uwanja huo utatosha makaburi 720. Parokia ikizika watu 30 kwa mwaka, makaburi yatajaa katika miaka 24.

Sasa gharama. Mlinzi akilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, ambazo hatudhani ni mshahara wa kujivunia, kwa mwaka ni shilingi 2,400,000. Kufyeka mara nne kwa mwaka, kila mara shilingi 150,000, ni 600,000. Maji, matengenezo ya uzio na lango, vitabu na karatasi tuweke 600,000. Jumla ni shilingi 3,600,000. Tukizigawa kwa mazishi 30, kila familia itachangia 120,000, na mwisho wa mwaka mwekahazina atasoma taarifa isiyo na deni. Waamini watapiga makofi. Watafanya hivyo kwa miaka 24.

Mwaka wa 25 hakuna nafasi, kwa hiyo hakuna mazishi na hakuna mchango. Mlinzi bado yupo langoni, majani bado yanaota, uzio umekwisha kuzeeka, na makaburi 720 yanategemea mfuko usio na senti. Kwa hakika makaburi mengi madogo yasiyojipangia mapema hufikia hali hiyo, nayo yakitelekezwa, chanzo mara nyingi si wizi. Mapato yake yalitegemea kuzika, ilhali gharama zake hazikomi pale kuzika kunapokoma.

Dawa yake ni akiba inayoanza na kaburi la kwanza. Katika mfano wetu, kama kila mazishi yangetengewa shilingi 50,000 zisizoguswa, makaburi 720 yangekusanya shilingi 36,000,000. Zikiwekwa mahali salama panapozaa asilimia 8 kwa mwaka, zitatoa 2,880,000. Msomaji mwenye uzoefu wa maisha ameshatambua kwamba kiasi hicho hakifikii hata gharama za leo, sembuse za miaka 24 ijayo, kwa kuwa thamani ya shilingi hupungua. Ndiyo maana akiba iwekezwe tangu mwanzo na faida yake irudishwe humohumo, na tena isitegemewe peke yake. Mkusanyo maalum wa Novemba na fungu dogo katika bajeti ya parokia kila mwaka ni vya lazima. Hapo tunarudi kwenye agizo la kale: utunzaji ni wa Kanisa zima. Hata yule ambaye hajawahi kuzika ndugu hapo anahusika.

Sheria za Kanisa zina chombo kinachofaa kwa akiba ya namna hii, nacho ni wakfu. Kanuni ya 1303 inazungumzia mali anayokabidhiwa mwenye nafsi ya kisheria, kwa mfano parokia, ili kutokana na mapato yake ya mwaka atimize kwa muda mrefu kusudi fulani la ibada, utume au huruma. Wakfu hupokelewa kwa ruhusa ya Askofu, huwekwa katika maandishi, na fedha yake huhifadhiwa na kuwekezwa kwa uangalifu chini ya usimamizi wake. Mwamini anayetaka kuacha urithi kwa ajili ya makaburi ya wazazi wake na ya jirani zao ana njia hii, na ni bora kuliko kumkabidhi mpwa fedha taslimu.

Kanuni ya 1267 inasema wazi kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalum itumike kwa kusudi hilo tu. Tunalitaja hili kwa sababu mfuko wa makaburi, pale unapokuwepo, ndio wa kwanza kukopwa paa la kanisa linapovuja au ugeni mkubwa unapokaribia. Kukopa kwa marehemu ni rahisi, hawahudhurii vikao. Kama kuna dharura ya kweli, Kamati ya Fedha iijadili, iandike, ipange tarehe ya kurudisha, na waamini waambiwe.

Kamati hiyo ya Fedha si hiari ya paroko. Kanuni ya 537 inaitaka katika kila parokia, na chini yake panaweza kuwa na kamati ndogo ya makaburi yenye watu watatu au watano. Michango iingie katika akaunti ya benki yenye jina la parokia na saini zaidi ya moja. Siku hizi watu hupenda kutuma kwa simu, na si vibaya, ila namba iwe ya parokia. Namba binafsi ya mwekahazina haifai, hata awe mtu mwadilifu kiasi gani, maana siku akifariki yeye mwenyewe, fedha za makaburi zitakuwa sehemu ya mirathi yake na familia yake itaingizwa katika fedheha isiyostahili.

Kanuni ya 1287 inamtaka msimamizi atoe taarifa ya mwaka kwa Askofu, na pia awape waamini hesabu ya mali walizotoa. Taarifa hiyo ikisomwa kanisani, pamoja na mapato na matumizi, isomwe pia idadi ya waliozikwa mwaka huo na idadi ya nafasi zilizobaki. Nafasi zilizobaki ndiyo takwimu muhimu kuliko zote, nayo haisikiki mara nyingi.

Deni la marehemu

Tufike kwenye swali linaloumiza. Mwamini amefariki. Jumuiya inasema hakuonekana kwa miaka mitatu, hakulipa zaka, hakuchangia ujenzi, hakwenda kuzika wenzake. Viongozi wanaitaka familia ilipe malimbikizo yote kabla ya padre kuitwa. Mwili upo chumba cha maiti na gharama zake zinaongezeka kila siku.

Hatuwadharau viongozi wa jumuiya. Wao ndio wanaochimba, wanaopika na wanaolala matanga, na wanaumia kumwona mtu anayewakumbuka wakati wa shida tu. Malalamiko yao yana msingi. Lakini kanuni ya 1184 inataja wale wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Na hata hao, wakionesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, Askofu ndiye aulizwe. Katika orodha hiyo deni la zaka halimo. Deni la ujenzi halimo. Kutohudhuria jumuiya, kwa jinsi lilivyo, halimo. Jumuiya haina mamlaka ya kuongeza kosa ambalo sheria haikuliweka, wala paroko hana.

Tena kanuni ya 1180 inasema kwamba parokia ikiwa na makaburi yake, marehemu waamini wazikwe humo, isipokuwa wao au wahusika wao wamechagua mahali pengine kihalali. Hiyo ni haki ya mbatizwa. Kama familia inao uwezo na haikuwahi kuchangia, ielezwe kwa upole baada ya maziko, wakati machozi yamekauka, na iombwe. Kama haina uwezo, mfuko wa makaburi ubebe. Ndiyo maana katika kupanga mchango wa utunzaji parokia iweke hesabu ya wale watakaozikwa bila kulipa chochote, kama vile inavyoweka hesabu ya saruji. Kwa mfano wetu wa mazishi 30, kamati ikipiga hesabu kana kwamba familia 25 tu ndizo zitakazolipa, tano zilizobaki hazitahitaji kupiga magoti mbele ya mtu.

Upande wa pili wa suala hilihili ni familia zenye uwezo. Kaburi la marumaru lenye uzio wa chuma na paa lake huchukua nafasi ya watu wawili au watatu. Wengine huomba kuhifadhiwa safu nzima kwa ajili ya ukoo. Lieleweke kwamba kinachotolewa na parokia ni haki ya kutumia nafasi, ardhi haiuzwi. Mume au mke kuhifadhiwa nafasi kando ya mwenzake ni jambo la kibinadamu na linaweza kukubalika, kwa maandishi, kwa muda uliotajwa, na kwa mchango wa utunzaji unaolipwa tangu siku ya kuhifadhi. Zaidi ya hapo, tunapendekeza kipimo kimoja kwa wote, tajiri na maskini, paroko mstaafu na mlinzi wa lango. Familia inayotaka kumheshimu marehemu wake kwa gharama kubwa zaidi inaweza kujenga bomba la maji kwa ajili ya wote na kuandika jina lake hapo.

Makaburi ya wamisionari wa Bagamoyo yanatupa mfano mzuri. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni pale mwaka 1868, na wengi wao walifariki wakiwa vijana, mbali na ndugu zao. Hakuna mjukuu aliyebaki wa kufyeka. Hata hivyo mgeni anayefika leo huyakuta makaburi yao katika safu, na misalaba yake ni ya namna moja. Yametunzwa kwa sababu yalikabidhiwa kwa jumuiya inayodumu, na jumuiya hiyo ilikubali kazi.

Makaburi yakijaa

Nchi kama Ujerumani zina desturi ya kutoa kaburi kwa muda maalum, mara nyingi miaka 20 au zaidi, kisha nafasi hutumiwa tena kwa mwingine. Kwetu wazo hilo bado ni gumu kupokelewa, na hatudhani lilazimishwe. Lakini lijadiliwe kwa utulivu katika parokia za mijini kabla halijaja kwa haraka. Vilevile ifahamike kwamba nchi yetu ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Siku barabara inapopanuliwa, maofisa watauliza ni makaburi mangapi yaliyopo, ni ya nani, na nani azungumze kwa niaba yao. Parokia isiyo na orodha haitakuwa na jibu.

Kanuni ya 1182 inaagiza kila maziko yaandikwe katika Kitabu cha Marehemu. Parokia nyingi huandika jina, tarehe na padre aliyezika, na kuishia hapo. Inafaa kuongeza namba ya kaburi, na namba hiyo ilingane na ramani. Kibao cha bati hupata kutu ndani ya misimu michache ya mvua. Nguzo fupi ya zege yenye herufi ya safu na tarakimu hudumu zaidi na ni nafuu. Cheti cha kifo cha RITA hakichukui nafasi ya kitabu hiki, kwa kuwa hakioneshi mtu amelala safu ipi. Nakala ya ramani na ya orodha ya mali ya makaburi ipelekwe kuria ya jimbo, ili paroko mpya asianze kwa kuuliza wazee.

Parokia ambazo hazina ramani kabisa zinaweza kuanza na makaburi ambayo bado yanatambuliwa. Anahitajika mtu mmoja mwenye futi kamba, mwingine mwenye daftari, na mzee mmoja anayekumbuka. Wiki ya kwanza ya Novemba inafaa kuliko zote kwa kazi hiyo, kwa kuwa siku hizo familia zenyewe huwa zimesimama kando ya makaburi yao, mishumaa ikiwaka, na ni rahisi kuziuliza majina.